Maswali kwa Fundi: Faili linakwenda mwendo wa kinyonga

Fundi, habari za kazi? Nalipia faiba ya megabiti 100. Nikihamisha video kutoka laptopu hadi kompyuta ya mezani, zote zimechomekwa waya kwenye ruta moja, kasi haivuki megabaiti 11 kwa sekunde. Hawa watu wa intaneti wananiibia? (Mpiga picha za harusi, Mombasa)

Nzuri, ndugu yangu. Kwa hili hawamo. Faili likitoka laptopu kwenda mezani halivuki mlango wa nyumba yako. Chomoa waya wa faiba uhamishe tena: utaiona 11 ileile.

Na hiyo 11 inasema mengi. Kasi ya waya huhesabiwa kwa megabiti, kompyuta inakuonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Gawanya 100 kwa 8 upate 12.5, kisha toa anwani na vikorokoro vinavyosafiri na kila kipande cha data, unabaki na 11 na ushee. Yaani mahali fulani kati ya kompyuta zako pana kiungo cha megabiti 100. Kwamba namba hiyo inafanana na ya kifurushi chako ni sadfa tu.

Pengine ni ruta. Nyingi za bei nafuu zina matundu ya 100, na dawa yake ni swichi ndogo ya gigabiti, yaani kisanduku cha kuunganisha waya za mtandao kwa kasi ya megabiti 1000: chomeka humo kompyuta zote mbili pamoja na ruta. Lakini kabla hujatoa hela, shuku waya. Ndani yake mna nyuzi nane, zimesokotwa jozi nne. Kasi ya 100 hutumia nyuzi nne tu. Ya 1000 inazitaka zote nane. Ukikatika mmoja wa zile nne ambazo 100 haizitumii, vifaa vinashuka hadi 100 kimyakimya, wala huoni onyo lolote. Juzi nilihangaika saa nzima kwangu, kumbe waya uliopita chini ya mlango wa chumba ulikuwa umesagwa: uzi wa kahawia umekatika, saba zilizobaki nzima kabisa!

Kwenye mipangilio ya mtandao ya Windows 11, angalia kasi ya kiungo katika kila kompyuta. Ukikuta 100/100 upande mmoja, badilisha waya wa upande huo kwanza. Ikisoma 1000/1000 pande zote na diski zako si za polepole, tarajia megabaiti 110 hivi. Harusi ya gigabaiti 60 inayokula saa moja na nusu itakwisha kwa dakika kama tisa.

Laptopu zetu mbili zote ziko kwenye Wi-Fi. Mbona kunakili faili kati yake ni polepole kuliko kushusha kitu mtandaoni? (Mwalimu, Dodoma)

Kwa sababu faili linapita hewani mara mbili, mwalimu: linapanda kwenye ruta, kisha linashuka kwenye laptopu ya pili, na hewa ni moja, hivyo wanapishana kwa zamu kama magari kwenye daraja la njia moja. Kasi inabaki nusu, au chini ya hapo. Chomeka waya laptopu moja tu, utaona tofauti. Ukishindwa, zihamishie zote kwenye Wi-Fi ya gigahezi 5 na uitoe ruta nyuma ya friji. Kile kifaa cha kurudia mawimbi usikikimbilie. Cha kawaida kinaongeza zamu nyingine.

Nikinakili faili kupitia mtandao, kasi inaanza na megabaiti 100, baada ya muda inaporomoka hadi 15. Napeleka kwenye flashi iliyochomekwa kompyuta ya pili. (Msomaji, Tanga)

Mtandao wako hauna hatia. Mwanzoni data inarundikana kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Ikijaa, unabaki na mwendo wa flashi yenyewe. Nakili faili lilelile kwenye flashi hiyo bila kupitia mtandao, kasi itaporomoka vilevile. Na kama ni maelfu ya picha ndogondogo, zifungashe kwanza kuwa faili moja la zip, maana kila faili lina gharama yake ya kufunguliwa na kufungwa.

Ninunue waya wa Cat 6 badala ya Cat 5e? (Msomaji, Nakuru)

Hayo ni madaraja ya waya wa mtandao. Kwa gigabiti, hapana. Cat 5e nzima inaibeba hadi mita 100. Unaponunua, kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Mrudishie mwenye duka.