GPS inazima njiani kabla sijafika Moroto

Pole kwa safari, ndugu. Nimekuelewa: GPS imechomekwa kwenye soketi ya kiberiti cha sigara, lakini ukipita Soroti inazima. Betri yake ya ndani ni ndogo, kwa hiyo ikizima ujue umeme haufiki.

Yangu ilikuwa hivyohivyo. Kumbe chaja ilikuwa inalegea kila gari likirukaruka barabarani, na ncha ya soketi imejaa vumbi jekundu. Zima gari, futa kwa kitambaa kikavu, kisha nunua chaja inayobana. Weka na pawabenki ya akiba kivulini, si juu ya dashibodi. Jua la Karamoja, huko Moroto, halina huruma.

Fyuzi ya soketi ikikatika, badilisha kwa yenye ampea zilezile. Usiweke kubwa zaidi wala waya! Ikikatika tena, mpelekee fundi umeme wa magari, maana hapo huenda kuna shoti, na shoti huwasha moto.

Ramani zipakue ukiwa bado Kampala. GPS husoma setilaiti bila intaneti, ila ramani isiyopakuliwa itakuonyesha kidoti juu ya ukurasa mtupu.

Halafu jambo moja wengi hulisahau: Uganda imekatwa na ikweta. Ukiandika latitudo ya Mbarara kuwa nyuzi 0.6 Kaskazini badala ya Kusini, utapelekwa karibu na Kyenjojo. Moroto ni Kaskazini.

Mvua ikinyesha, waulize boda kuhusu madaraja. Hiyo GPS haijui mto umefurika.