Kukata kiu sio kukata tamaa

SWALI: Dada shikamoo. Nimeachwa huu mwezi wa nne na bado simu ikilia moyo unaruka nikidhani ni yeye, kumbe sio. Rafiki yangu anayesoma sana mambo ya Ubuddha kaniambia maisha ni mateso na dawa ni kuacha kutaka. Sasa dada si ndo kukata tamaa huko? Nikiacha kutaka kila kitu si ntalala tu kama gogo? Dini sibadili, nataka nipumue tu. Msomaji aliyechoka.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana. Rafiki yako hajadanganya ila kakupa nusu, na hiyo nusu ndo inayotisha.

Neno lenyewe ni dukkha, la Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Wabuddha, na kulitafsiri "mateso" ni kulibebesha mzigo. Msiba na ugonjwa vimo kweli, ila imo pia ile hali ya kutotulia hata siku nzuri, yani unacheka huku unaogopa itaisha. Buddha alilieleza kwenye hotuba yake ya kwanza pale Sarnath, karibu na Varanasi huko India, kama miaka 2,500 iliyopita, wasikilizaji watano tu, tena walikuwa washamsusa maana walikuwa wakijitesa pamoja kwa njaa halafu yeye akaamua kula. (Hapa huwa nacheka, mtu anaanza na watu watano waliomnunia.) Akaongea kama daktari, ugonjwa huu hapa, chanzo chake hiki, unapona, na dawa ni hii.

Sasa njoo kwenye chanzo. Alichokitaja ni tanha, na maana yake ya kawaida kabisa ni kiu. Na kiu sisi tunaifanyaje? Tunaikata. Ukikata tamaa kiu iko palepale, umeacha tu kutafuta maji, na huko siko alikokuwa anakupeleka. Maandiko yana na neno lingine, chanda, nia ya kufanya jambo, na hiyo ikiwa njema haina ugomvi na mtu. Yeye mwenyewe inasimuliwa alizunguka kwa miguu akifundisha miaka 45 mpaka anafariki ana miaka 80, sasa gogo gani hilo.

Kiu aliigawa mara tatu: ya starehe, ya kuwepo na kuwa mtu fulani, na ya kutaka kitu kisiwepo. Hiyo ya tatu watu wanaisahau na we unayo, maana hutaki tu arudi, unataka na haya maumivu yafutike leo leo, na kila yasipofutika unaumia upya.

Kuna mfano wake wa mishale miwili. Mtu anachomwa mshale, anaumia, na kabla hajautoa anachomwa wa pili. Simu imelia, sio yeye, kifua kimebana, huo wa kwanza na hauna lawama. Halafu kichwa kinaanza, mbona mi, yuko na nani saa hizi, nilikosea wapi, miezi minne mtu mzima nalia, hapo ni saa sita usiku na huo wa pili umeushika kwa mkono wako mwenyewe.

Dawa aliyoitoa ni njia yenye sehemu nane, kuanzia unavyoyaona mambo, unavyoongea, kazi unayofanya, hadi kutuliza akili, na sitakudanganya kwamba inaisha wiki moja. We anza na sehemu ya umakini. Simu ikilia, kabla hujaishika angalia kifua kinafanya nini, pumzi iko wapi, usiifukuze wala usiifuate. Sekunde kumi tu. Ila kama huli na hulali kabisa, nenda kaonane na mshauri uso kwa uso, gazeti halitoshi.

Na zile meseji za zamani, hujaniambia ila najua unazisoma.