Maswali na Majibu ya Gitaa: Kwa Nini Kila Ninachopiga Kinasikika Kama Pambio?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Muyeye, Malindi. Nimepiga gitaa kanisani miaka mitatu na kodi za kawaida (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) nazijua zote. Sasa nataka kupiga hotelini na kwenye harusi, ambako watu wanataka rumba, benga, bango, chakacha, rege, kila kitu. Nilinunua masomo ya simu yaliyoahidi mitindo 20 kwa siku 30, nikatumiwa orodha ya kodi na skeli (ngazi za noti) za kila mtindo. Nimezikariri zote, lakini wenzangu wanasema chochote nikipigacho kinasikika kama pambio. Juzi nilialikwa Lamu kupiga na kikundi cha taarab, na mzee anayepiga udi, ile ala ya nyuzi, akaniambia ninyamaze nyimbo mbili nisikilize kwanza. Nimekosa skeli zipi? Na je, ninunue gitaa la umeme?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hujakosa skeli hata moja. Ungesahau nusu ya zile ulizouziwa usingepungukiwa na kitu. Hili huniuma kila ninapokutana na kijana mwenye bidii kama yako: mkono wa kushoto umesomeshwa mpaka umechoka, wa kulia haujafundishwa chochote.

Chukua kodi tatu, C, F na G. Kwa hizo unapiga pambio, unapiga benga, unapiga rege, unapiga rumba hadi kwenye sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea. Chagua wimbo mmoja wa kila mtindo, zote za ufunguo huo, uzipitishe kwenye zile programu za simu zinazosikiliza wimbo na kuandika kodi. Utaletewa herufi zile zile mara nne. Programu haijakosea, maana kodi kweli ni zile zile. Ila haikuandikii ni nani anapiga pigo lipi, noti inakatwa wapi, gitaa linanyamaza lini, na besi inafanya nini wakati gitaa limenyamaza. Mtindo uko humo, na humo ndimo usimoangalia.

Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, Katanga, nchini Kongo, mji ambao leo unaitwa Likasi. Gitaa moja, na mkono wa kulia wenye vidole viwili tu kazini, gumba na shahada. Kodi zake nyingi ni zile ulizojifunza mwezi wako wa kwanza. Lakini gumba linatembea na besi, shahada inatembea na sauti ya juu, na havigongani. Wapigaji wengi wa Afrika Mashariki wa kizazi kile walijifunza kwa kukaa na santuri zake. Hakuna aliyewatumia orodha ya skeli.

Sasa tazama ulikotoka. Kanisani ulikuwa peke yako, ukabeba ngoma, besi na kinanda kwa gitaa moja, na mkono ukazoea kujaza: chini, chini-juu, juu-chini-juu, bila kuacha mwanya. Kwa kuongoza waumini waimbe, hiyo ni kazi sahihi na usiidharau. Ukiingia kwenye bendi, mianya ile ina wenyewe. Ukiijaza, bendi nzima inageuka kuwa kwaya. Wenzako wamekuambia kweli.

Rege nitaipita haraka. Hesabu moja, mbili, tatu, nne. Gitaa linadonoa kwenye mbili na kwenye nne, basi. Kwenye tatu ngoma kubwa inaposhuka, wewe umenyamaza. Na kila ukidonoa, vidole vya kushoto vilegee papo hapo sauti ikatike, ila visiuachie uzi. Vijana wengi wanapata pigo lenyewe, wanakosa ukimya unaolifuata.

Benga ni ya Waluo, na gitaa lake limerithi udonoaji wa nyatiti, ala ya nyuzi nane. Kwa hiyo usikung'ute nyuzi sita kwa pamoja. Solo inapiga noti moja moja, inamfuata mwimbaji, akimaliza mstari inamjibu, kisha waimbaji wanapisha magitaa yapewe uwanja. Msikilize D. O. Misiani na bendi yake ya Shirati Jazz, lakini mara ya kwanza iache solo kabisa. Sikiliza besi, uiimbe kwa mdomo mwanzo hadi mwisho. Ukishindwa kuiimba, hujaanza kujifunza benga, hata kama vidole vyako vinakimbia.

Katika rumba ya Kongo wengi hupotea kwa sababu moja tu. Ina magitaa matatu, nawe kwenye redio unasikia gitaa moja lenye vidole ishirini, ukajaribu kulipiga lote. Ridhimu imekaa chini shingoni, inashika kodi. Mi-solo iko katikati, inarudia kipande kifupi cha noti bila kuchoka. Solo inaimba juu yao. Kwenye sebene vipande vinakuwa vifupi zaidi, vinazunguka, vinabadilika pale atalaku, yule mpiga kelele za kuchangamsha wachezaji, anapoita. Ukiwa na mwenzako mmoja tu hotelini, yeye ashike ridhimu, wewe shika mi-solo, na solo iingie pale mwimbaji anapovuta pumzi. Bango, ile ya Mzee Joseph Ngala wa Freretown, ina undugu na rumba, lakini mle saksafoni na tarumbeta ndizo zenye maneno, gitaa linasindikiza. Mpiga gitaa anayetaka kung'ara kwenye bango anaiharibu.

Chakacha inanilazimu nikae kidogo, maana ni yetu, na ndiyo inayoharibiwa zaidi hapa Malindi. Ni ngoma ya kina mama wa Pwani, ya harusini, na pigo lake ni sita. Sita hizo zinahesabika kwa namna mbili kwa wakati mmoja: mbili za tatu-tatu, au tatu za mbili-mbili. Kiuno kinasikia zote mbili, ndiyo maana ngoma inavuta. Kijana aliyezoea nne anaikamua sita mpaka inaingia kwenye nne, anaongeza mdonoo wa rege, anatangaza chakacha. Mgeni hotelini hajui tofauti, atapiga makofi. Mama wa Kimijikenda au wa Kiswahili atasimama kucheza, atajaribu hatua mbili, ataketi. Huo ndio mtihani wako, na hauhitaji mwalimu. Nenda kwa shangazi yako, mwombe akupigie chakacha kwa makofi mawili matupu, wewe ufuate kwa kukanyaga mguu. Gitaa liache ukutani. Mguu ukishatulia, gonga nyuzi zilizozimwa, mkono wa kushoto umezilalia tu bila kubonyeza kodi, sauti iwe chak-chak. Mtu aliye chumba cha pili akitambua kuwa ni chakacha bila kusikia noti hata moja, hapo tia kodi.

Ya Lamu sasa. Huko ndiko alikozaliwa Zein l'Abdin, mwimbaji wa taarab na mpiga udi, na masikio ya wazee wa kule yamelelewa na udi. Udi hauna freti, vile vipande vya chuma vilivyokatiza shingo ya gitaa. Gitaa lako limegawa oktava, yaani kutoka noti moja hadi noti ya jina hilo hilo juu yake, katika hatua 12 zilizo sawa, na freti zimekwisha pigiliwa. Wimbo ukiwa katika bayati, moja ya maqamu (skeli za Kiarabu), kuanzia D, noti ya pili inakaa kati ya E flati (nusu toni chini ya E) na E. Ukiwa katika rasti, maqamu nyingine, kuanzia C, noti ya tatu inakaa pale pale, na ya saba vile vile iko katikati ya freti mbili. Wewe ukapiga kodi ya C kama ulivyozoea, yenye E ndani yake, na E hiyo iko juu ya ile ya mzee kwa karibu robo toni. Kwa mtu aliyekaa nyuma ya ukumbi ni kama kuna kitu kimechacha. Kwa mzee wa udi ni jiwe ndani ya wali. Alikunyamazisha kwa haki, na alikustahi, maana angeweza kukutoa kabisa.

Hiyo "skeli ya Kiarabu" uliyouziwa naijua: C, D flati, E, F, G, A flati, B. Inafanana na hijazi, na inauzwa kwa sababu maqamu ya namna hiyo angalau inaweza kukaa kwenye freti. Anayeiuza hajui bayati wala rasti, au anajua na hakuambii, kwa kuwa hawezi kuziweka kwenye mchoro wake wa vidole. Ukirudi Lamu, kwanza tuni gitaa lako kwa udi wa mzee, usitumie simu. Pili, ondoa noti ya tatu kwenye kodi zako. Piga ya kwanza na ya tano tu, kwa upole, mkiwa pamoja na dumbaki, ile ngoma ndogo ya taarab. Tatu, pale panapohitaji ile noti ya katikati, bonyeza E flati uvute uzi kidogo upande mpaka sauti ikutane na ya mzee. Na ukiona huifikii, iache. Mwanya wako hautamkera mtu.

Mazoezi: rekodi nyuzi zilizozimwa kila jioni kwa simu, mtindo mmoja kwa juma zima, usikilize kesho yake asubuhi ukiwa na sikio jipya. Weka metronomu, kile chombo kinachogonga mwendo, kwenye milio 45 kwa dakika, uhesabu kila mlio kuwa ni pigo la pili au la nne, na wewe mwenyewe ujaze la kwanza na la tatu kichwani. Mwendo wa wimbo utakuwa 90. Siku za mwanzo utapotea mara kwa mara. Usiongeze kasi mpaka upotevu uishe.

Gitaa la umeme nunua utakapopata kazi ya hotelini, kwa ajili ya sauti ya kufika ukumbini. Halitakubadilishia mtindo. Nyuzi zake ni nyembamba na shingo ni jepesi, kwa hiyo litakuwezesha kupiga pambio haraka zaidi. La sasa lifute nyuzi kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, maana chumvi ya bahari yetu haisubiri.

Nilitaka kuishia hapo, lakini siwezi kuwapita hao waliokuuzia masomo, kwa kuwa wako wengi na wanazidi. Fahamu kwa nini wanauza mkono wa kushoto. Kodi inachoreka. Inaingia kwenye picha, picha inatumwa kwa simu, picha mia tano zinaitwa "kodi 500 za siri", na mnunuzi anahesabu anaona amepata mali. Mkono wa kulia hauchoreki hivyo. Unataka mtu aketi mbele yako, akusikie, akukatize, akwambie umekimbia, rudia. Mtu mmoja hawezi kuwafanyia hivyo wanunuzi elfu kwa mkupuo, kwa hiyo kwake mkono wa kulia hauna biashara. Kwa hiyo anakwambia haupo.

Na wana wenzao. Kuna anayekwambia vidole vyako ni vifupi, gitaa halikuandikiwa wewe. Kuna anayekuuzia mafuta ya kukomaza ncha za vidole, ilhali ngozi inakomaa kwa kupiga kidogo kidogo kila siku na haina njia nyingine. Kuna fundi anayechukua gitaa lililotengenezwa kwa nyuzi za nailoni akalifunga za chuma "lipate sauti", wakati mvuto wa chuma unakaribia mara mbili ya ule wa nailoni. Baada ya miezi daraja, pale nyuzi zinapofungwa, linang'oka kwenye ubao wa mbele, na mwenye gitaa anaambiwa alinunua gitaa baya.

Fedha inayopotea inaniuma, lakini linaloniuma zaidi ni vijana wanaokariri orodha hizo kwa uaminifu, wanaona matokeo hayaji, wanaamini hawana kipaji, gitaa linauzwa. Nimewaona Malindi, nimewaona Mambrui, nimewaona Lamu. Walikuwa na masikio mazuri. Waliambiwa watazame vidole.

Kwa hiyo kabla hujamlipa mtu mwingine yeyote, awe wa simu au wa mtaani, mwombe akupigie ridhimu peke yake, bila solo, akiwa na mtu anayetikisa kayamba, kwa dakika tano. Msikilize kama pigo linabaki mahali pake. Akianza kupamba kabla ya dakika ya pili, au mwendo ukikimbia, mshukuru uondoke. Kisha muulize kama atakusikiliza ukipiga kabla ya kukupa somo la kwanza. Akisema hana haja, usimpe hata shilingi.