Kontena linazimika ilhali kumbukumbu inaonekana ipo: nifuate kipimo kipi?

Swali: Ninaendesha programu ya kutengeneza ripoti ndani ya kontena la Docker (kifungashio kinachoitenga programu na nyingine zilizo kwenye seva hiyo hiyo) ambalo nimeliwekea kikomo cha kumbukumbu cha megabaiti 512. Kila baada ya siku moja au mbili kontena huzimika na kuacha namba 137. Nikiingia ndani na kuandika amri ya free, naona gigabaiti 16, na zaidi ya nusu yake haijatumika. Nikiwa nje, amri ya docker stats, inayopima matumizi ya kontena, huonyesha asilimia 70 hivi ya kikomo. Niamini kipi?

Jibu: Ndugu msomaji, amri ya free iweke kando kabisa. Amri hiyo husoma faili ya /proc/meminfo, ambayo hueleza hali ya mashine nzima hata ikisomwa kutoka ndani ya kontena. Gigabaiti 16 unazoziona ni za seva. Hesabu ya kontena huwekwa na kerneli ya Linux, yaani moyo wa mfumo endeshi, kupitia utaratibu wa cgroup wa kupima na kuwekea mipaka makundi ya michakato, uliomo ndani yake tangu toleo la 2.6.24 la mwaka 2008, na docker stats nayo huchota humo humo.

Namba 137 ni 128 ikijumlishwa na 9, na 9 ni ishara ya kuua mchakato papo hapo. Hata hivyo usianze kutafuta mchawi kabla ya kuthibitisha kwamba kosa ni la kumbukumbu, kwa sababu amri ya kuzima kontena, docker stop, nayo hutuma ishara hiyo hiyo iwapo programu haijajizima baada ya sekunde 10. Endesha docker inspect juu ya kontena lililozimika na utazame kipengele cha OOMKilled ("limeuawa kwa kuishiwa kumbukumbu"): kikisema true, kerneli ndiyo iliyoua, baada ya kikomo kufikiwa na kukosekana cha kurudisha.

Sasa tuje kwenye asilimia 70, ambapo wengi hupotea. Ikiwa seva yako inatumia toleo la pili la cgroup, ingia ndani ya kontena, fungua saraka ya /sys/fs/cgroup na usome memory.current pamoja na memory.stat. Tuseme ya kwanza inaonyesha megabaiti 490 (faili zenyewe huandika kwa baiti), na ndani ya ya pili unakuta anon 150, file 320 na inactive_file 290. Ukiona 490 dhidi ya 512 utashtuka bure, kwa kuwa sehemu kubwa ya hizo ni nakala za faili ambazo kerneli imezihifadhi ili isizisome tena kutoka kwenye diski, na itaziachia mara nafasi itakapohitajika. Docker stats huliondoa fungu la inactive_file, yaani nakala za faili ambazo hazijatumika karibuni, hivyo yenyewe ingekuonyesha 200. Namba ya kuikodolea macho ni anon, yaani kumbukumbu ambayo programu yenyewe imeiomba, pamoja na shmem, yaani kumbukumbu ya pamoja, ambamo huingia chochote kinachoandikwa kwenye /dev/shm. Bila nafasi ya kubadilishana kwenye diski (swap), hizo mbili haziachiliki.

Anon ikipanda kidogo kidogo kwa saa nyingi bila kushuka, programu inavuja, yaani inaomba kumbukumbu bila kuirudisha, na kuongeza kikomo kutaahirisha tu kifo. Ikiwa imetulia siku nzima kisha ikaruka ghafla, ni ripoti moja kubwa, na docker stats inaweza kuukosa mruko huo kati ya kipimo kimoja na kingine. Hapo soma memory.peak, inayopatikana kuanzia kerneli 5.19, ambayo hutunza kilele tangu kontena lilipoanza. Kwa programu ya ripoti inayodumu siku moja au mbili ningeanza kushuku hali hii ya pili, ingawa ni mchoro wa anon utakaoamua.

Kumbuka kwamba faili hizi hutoweka kontena linapozimika, kwa hiyo ni lazima namba zirekodiwe nje yake, kila sekunde 10 au 15. Mimi hutumia cAdvisor, inayokusanya vipimo vya kontena, na Prometheus, inayovihifadhi. Humo kipimo cha container_memory_working_set_bytes nacho huiondoa inactive_file, kwa hiyo kisipolingana na memory.current usidhani kimeharibika.

Hukuuliza kuhusu prosesa, lakini kama umeiwekea kikomo pia, chungulia cpu.stat. Kwa kawaida kerneli hugawa muda kwa vipindi vya milisekunde 100. Kontena lenye nusu ya kiini kimoja cha prosesa hupata milisekunde 50 katika kila kipindi, na nyuzi nne (threads) za programu zikifanya kazi kwa pamoja humaliza mgao huo ndani ya milisekunde 12.5, kisha zote husimama hadi kipindi kinachofuata. Wastani utaonekana mzuri huku watumiaji wakisubiri. Linganisha nr_throttled (vipindi ambavyo kontena lilisimamishwa) na nr_periods (vipindi vyote): ya kwanza ikiikaribia ya pili, ongeza mgao au punguza nyuzi.