Vyambo vya samoni vitashika nguru?

SWALI: Asalaam aleykum. Mie niko Wete, shemegi yangu alioko Kanada kaniletea vyambo vya bati vya kurambazia (kuvuta nyuma ya boti inayokwenda) samoni, samaki wa nchi za baridi, mtoni. Nimetoka navyo mara tatu nje ya kisiwa cha Fundo na boti ya faiba, nguru anagonga halafu mshipi unarudi mtupu, chambo hakuna. Nakosea wapi?

JIBU: Waaleykum salaam ndugu yangu. Angalia ncha ya mshipi, ikiwa imekatika safi kama kwa wembe basi hayo ni meno ya nguru, samoni hakati namna ile, funga waya mwembamba kama shibiri mbili mbele ya chambo, na ndoana tia ngumu zaidi. Halafu spidi. Samoni hurambazwa polepole, maili 2 au 3 kwa saa, nguru anataka noti 5 mpaka 7, yaani kama maili 6 mpaka 8 kwa saa, sasa bati jepesi kwa mwendo huo linaweza kuzunguka kama feni likausokota mshipi wote, kwa hiyo kabla hujaachia liweke kwanza ubavuni mwa boti ulitazame, likitikisika vizuri twende, likizunguka punguza moto. Na usinyooshe tu njia, kata kona, chambo cha upande wa ndani kinapunguza mwendo kinazama kidogo, na hapo mara nyingi ndipo anapokamata. Toka alfajiri.