Coriolanus hakuangushwa na kiburi peke yake

Swali: Mwalimu, hujambo. Naelekeza kikundi cha vijana hapa Kayole. Tunaandaa Coriolanus ya Shakespeare kwa Kiswahili na tunaifupisha iwe ya dakika 50. Mkufunzi tuliyemlipa anasema dosari ya Coriolanus, jemadari wa Roma, ni kiburi, kwa hiyo tubakishe maonyesho ya kiburi tu. Lile refu ambapo mama yake anampigia magoti asiichome Roma, tendo la 5 onyesho la 3, anataka lisimuliwe na mtambaji kwa sentensi mbili. Kijana anayeigiza Coriolanus naye anafoka kutoka mwanzo hadi mwisho. Je, naweza kulitoa onyesho hilo? Na anguko lenyewe liko wapi?

Jibu: Usilitoe, ndugu yangu. Anguko liko hapo hapo. Kama shida ni muda, yaunganishe mapigano ya tendo la 1 kwenye Corioli, mji wa maadui wa Roma, yawe pigano moja, mwondoe jasusi wa tendo la 4, na uwapunguzie maneno watumishi wa Aufidius, jemadari wa maadui hao. Dakika utazipata bila kumgusa mama na mwanawe.

Sasa hilo la kiburi. Kila msimu wa maonyesho waelekezi vijana huniletea neno hilo, na nikiuliza limetoka wapi, huwa limetoka kwa mtu aliyesoma muhtasari akaiacha tamthilia. Kwamba Coriolanus ana kiburi, hakuna anayebisha. Raia wa Roma wana njaa, wanadai nafaka, naye anaanza kuwatukana mara tu anapofungua kinywa mbele yao. Lakini kiburi hicho hicho ndicho kilichomwingiza peke yake ndani ya malango ya Corioli huku askari wake wakibaki nje. Ndicho kilichomfanya akatae sehemu moja ya kumi ya ngawira aliyopewa baada ya ushindi. Sifa iliyokuwapo siku ya kushinda na ikawapo siku ya kushindwa haitoshi kueleza kwa nini alishindwa.

Zitazame mara mbili anazoangamia. Mara ya kwanza ni tendo la 3. Amegombana na wawakilishi wa raia, Sicinius na Brutus, na yuko nyumbani kwake. Hataki kurudi sokoni kujieleza kwa watu. Anayemsukuma arudi ni Volumnia, mama yake, tena anamfundisha aseme maneno ya upole ambayo moyoni hayamo. Anakubali, anakataa, mwishowe anamwomba mama asimkaripie tena, anakwenda. Huko Sicinius anamwita msaliti, analipuka, na mji unamfukuza.

Mara ya pili ni hilo onyesho mnalotaka kulitoa. Amerudi na jeshi la Wavolski, maadui wa jana, na Roma haina wa kuitetea. Cominius, jemadari wake wa zamani, amekuja kumsihi akarudi mikono mitupu. Mzee Menenius, aliyempenda kama mwana, naye amerudishwa. Kiburi kingekuwa ndicho kinachomwendesha peke yake, Roma ingeteketea siku hiyo na yeye angerudi kwa Wavolski akiwa shujaa wao. Anamsikiliza mama, anafanya amani, kisha anamwambia wazi kwamba ushindi huo wa Roma ni wa hatari kubwa kwa mwanawe, pengine wa mauti. Anajua anachokifanya. Aliyeanguka hapo ni mtu aliyelegea mara moja, mbele ya mtu mmoja, na akajua bei yake.

Mtambaji hawezi kuibeba hali hiyo kwa sentensi mbili. Soma maelekezo ya jukwaani yalivyo: anamshika mama mkono, kimya. Shakespeare, ambaye hutoa maelekezo machache mno, hapa ameandika kimya. Na angalia kimya hicho kinaanzia wapi. Volumnia amekwisha kupiga magoti pamoja na mkwewe Virgilia, Valeria na mjukuu. Hakujibiwa. Anainuka, anawaambia wenzake waondoke, anasema mtu huyu alizaliwa na mama Mvolski, na kwamba yeye atanyamaza mpaka mji uwake moto. Kwa hiyo mwigizaji wako wa Volumnia ageuke kweli, apige hatua, awe anaondoka. Mkono ushikwe akiwa ameshampa mwanawe mgongo. Kijana wako asihesabu sekunde kichwani. Asubiri mpaka ashindwe kuuachilia ule mkono, ndipo aseme. Na Aufidius umweke mahali watazamaji wanamwona, kwa sababu yupo muda wote, anaona kila kitu, na hapo ndipo anapopanga kumwangamiza mwenzake.

Kijana akifoka kuanzia tendo la 1, kimya hiki kitaonekana kama amesahau mistari. Afoke kwa wawakilishi wa raia. Kwa mama sauti ishuke. Huyu mama alimpeleka vitani angali kijana, na akiwa na miaka 16 alikuwa tayari anapigana dhidi ya Tarquin, mfalme aliyefukuzwa Roma. Katika tendo la 2 Volumnia anayataja majeraha ya mwanawe kama mtu anayehesabu akiba: yalikuwa 25 kabla ya vita hivi, na Menenius anaongeza kwamba sasa ni 27. Ukimfuta mama, hata kifo cha Coriolanus hakitaeleweka. Aufidius anamwita msaliti, hilo linamuudhi. Kisha anamwita mtoto wa machozi, na neno hilo "mtoto" analirudia mwenyewe mara kadhaa kwa hasira, anawakumbusha Wavolski alivyowachakaza Corioli peke yake, mpaka wanamuua. Limemchoma kwa sababu Aufidius alimwona analia mbele ya mama.

Aliyewahi kulitafakari anguko la Coriolanus ndani ya tamthilia ni Aufidius huyo huyo, tendo la 4 onyesho la 7. Anataja kiburi. Anataja pia upungufu wa busara katika kutumia bahati yake. Anataja na tabia ya mtu asiyejua kuwa kitu kingine, anayeongoza nyakati za amani kwa ukali ule ule wa vitani. Hachagui moja. Adui yake mkubwa, mwenye kila sababu ya kumsema vibaya, alikuwa mwangalifu kuliko mkufunzi wenu.

Ugonjwa huu hauko kwa Coriolanus tu. Miongozo inayopitishwa kwenye simu za wanafunzi na wakufunzi wa kukodi wanaozunguka shuleni wamezigeuza tanzia zote kuwa neno moja moja: Othello wivu, Macbeth tamaa, Coriolanus kiburi. Macbeth huyo wa tamaa, katika tendo la 1 anamwambia mkewe kwamba hawataendelea na jambo hilo. Onyesho hilo mwigizaji wa "tamaa" ataliigizaje? Ataliruka. Ataruka kila mahali mhusika anaposita, anaposikiliza, anapobadili nia, na huko ndiko tanzia iliko. Vijana wanafundishwa kuigiza sifa badala ya mtu, halafu wazazi wanakuja ukumbini, wanaona kelele za dakika 50, na kijana mwenye kipawa anaambiwa hana. Raia wenye njaa wanaoifungua tamthilia hii nao wanabaki bila maana yoyote, kwa kuwa hawamo kwenye neno "kiburi", ilhali Shakespeare aliiandika karibu na 1608, mwaka mmoja hivi baada ya watu wa majimbo ya kati ya Uingereza kuasi.

Kwa hiyo kabla hujamlipa mkufunzi tena, mwombe akueleze tendo la 4 onyesho la 7 bila kufungua simu. Akishindwa, pesa hizo zitumie kuwalipia vijana nauli ya mazoezi, na muda mtakaoupata umpe Volumnia.