Honda walirudi nyuma walipotoa injini ya pushirodi?

Swali: Fundi habari za kazi. Honda 1969 walitoa pikipiki ya CB750, silinda nne, kabureta nne, kemu (shafti yenye nundu za kufungulia valvu) iko juu kwenye hedi, yaani kichwa cha injini. Halafu 1976 wanaleta CG125 ya pushirodi, yaani kemu iko chini na vijiti virefu ndo vinasukuma valvu kule juu, mambo ya kizamani kabisa. Si kurudi nyuma huko?

Jibu: Nzuri tu ndugu yangu. Hapana, hawakurudi nyuma, na mimi hii CG naiheshimu kuliko injini nyingi zenye mbwembwe.

Kemu ikikaa juu, vyuma vinavyopanda na kushuka vinapungua, kwa hiyo springi za valvu zinawahi hata injini ikizunguka kwa kasi, ndo maana CB750 inaenda hadi mizunguko 8,500 kwa dakika bila shida. Lakini sasa kuna gharama yake, unahitaji cheni ya taimingi ya kuizungusha kemu, cheni inavutika, tenshena ya kuikaza inachoka, na oili lazima ipande mpaka kule juu iilainishe kemu, na kama mtu hajamwaga oili miezi sita basi kemu ndo inaliwa ya kwanza. Honda walikuwa tayari na 125 ya kemu juu, ila waliona kwenye nchi zetu hizi mtu anapakia mzigo mpaka basi na sevisi haipo.

Kwenye CG kemu wameishusha chini karibu na krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), inaendeshwa na gia, cheni ya taimingi hakuna kabisa. Na ukiifungua utakuta nundu MOJA tu, hiyohiyo inasukuma valvu ya kuingiza na ya kutoa! Kuchora kitu kama hicho sio kazi ndogo, ugumu wote wameumaliza wao kiwandani, wewe mwenye pikipiki umebakiziwa tapeti tu za kurekebisha, yaani ule uwazi mdogo kati ya roka (mkono unaobonyeza valvu) na valvu. Oili yenyewe lita moja hivi, na filta ya kununua haina, ina chujio la wavu na kingine kinachozunguka na krenki kinatupa uchafu pembeni.

Na usidhani pushirodi ni uvivu wa akili, Honda haohao 1978 wakatoa CX500, silinda mbili za V, inapozwa na maji, valvu nne kila silinda, na bado ni pushirodi, na inazunguka zaidi ya 9,000.

Pikipiki nyingi za Kichina za bodaboda huku kwetu injini zake zimetokana na hiyo CG, kwa hiyo kama yako ni ya pushirodi na inagonga tatata pale juu, usikubali kufunguliwa hedi kwanza. Asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa, zungusha magneto (gurudumu la umeme lililofungwa kwenye krenki) mpaka alama ya T ikae sawa, maana yake pistoni iko juu kabisa, roka zote mbili ziwe zinachezacheza, kama zimekaza zungusha raundi moja tena. Ingiza fila (kibati chembamba cha kupimia) ya milimita 0.08 kati ya skrubu ya roka na valvu, ipite kwa kukwama kidogo tu, kaza nati huku umeshika skrubu isizunguke, halafu pima tena maana nati ikikazwa huwa inaihamisha skrubu.